Kabla ya Kutafuta Projekta: Gereji ya Menlo Park na Kikundi Chetu cha Mombasa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilifi alinipigia simu. Anataka kuanzisha kikundi cha watunga programu huko kwao, wawe wakikutana mara moja kwa mwezi. Alikuwa na maswali matatu: projekta ataipata wapi, mdhamini atampata wapi, na ni nani amwalike kutoka Nairobi aje kuzungumza. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, maana jibu lenyewe ni refu. Linaanzia ndani ya gereji huko California mwaka 1975, na katikati yake kuna aibu yangu mwenyewe. Kwa hiyo vuta kiti, kama una chai ilete karibu.

Turudi nyuma kidogo. Januari 1975 jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics liliweka mashine moja kwenye jalada lake. Jina lake Altair 8800, na ilitengenezwa na kampuni ndogo ya MITS mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico. Bei yake ilikuwa chini ya dola 400, na kwa pesa hizo ulikuwa hununui kompyuta iliyokamilika. Uliletewa vipuri ndani ya sanduku, ukakaa na kuviunga mwenyewe kwa risasi usiku kucha. Ukimaliza (na kama hukuunguza kitu!) unabaki na kasha lenye swichi na vitaa upande wa mbele. Kibodi hakuna, skrini hakuna. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256. Kwa wale wanaopenda kulinganisha, SMS mbili zilizojaa hazingeenea humo ndani.

Hata hivyo watu waliagiza kwa wingi, kuliko kampuni yenyewe ilivyotarajia. Kwa nini? Kwa sababu zamani kompyuta ilikuwa mali ya benki, ya jeshi, ya chuo kikuu. Uliomba ruhusa kuigusa. Sasa kwa mara ya kwanza fundi wa kawaida angeweza kuwa nayo mezani kwake. Lakini fikiria: umeshaunga vipuri, vitaa vinawaka, halafu? Ukikwama utamwuliza nani? Jirani yako anajua kompyuta ni kitu cha sinema.

Hapo ndipo wanapoingia watu wawili, Fred Moore na Gordon French. Wote walikuwa karibu na shirika la People's Computer Company la Menlo Park, lililofundisha watu wa kawaida kutumia kompyuta. French alikuwa mhandisi. Moore hakuwa mhandisi hata kidogo. Alikuwa mpigania amani, mtu aliyewahi kufungwa kwa kukataa kutumikia jeshi.

Kuna kisa chake kimoja ambacho lazima nikieleze, maana ndicho kinachofungua mlango wa hadithi yote. Juni 1971 wachapishaji wa Whole Earth Catalog walifanya sherehe ya kufunga shughuli zao, na wakatoa dola 20,000 taslimu kwa waliohudhuria, waamue wenyewe zifanye nini. Watu wakabishana usiku kucha. Moore akasimama na kusema kwamba pesa zinawagawanya, na kwamba muungano wa waliokuwemo mle ndani una thamani kuliko noti hizo. Akataka watu waandike majina yao ili wapate kusaidiana baadaye. Ajabu ni kwamba alfajiri ilipofika, waliobaki walimkabidhi yeye zilizosalia, karibu dola 15,000. Mtu asiyetaka pesa akarudi nyumbani na pesa! Lakini lile wazo la orodha ya majina halikumtoka.

Basi mwaka 1975 Moore na French wakabandika vikaratasi vya mwaliko. Ujumbe ulikuwa mfupi: kama unajiundia kompyuta au kifaa chochote cha namna hiyo, njoo ukutane na wenzako. Jumatano tarehe 5 Machi 1975, mvua ikinyesha, watu 32 wakafika kwenye gereji ya nyumba ya French. Wengine walikaa kwenye sakafu ya saruji. Hapakuwa na mgeni rasmi. Palikuwa na Altair moja mezani, nao wakaanza kuzunguka mmoja baada ya mwingine: mimi ni fulani, nina hiki, natafuta kile. Moore anaandika. Siku chache baadaye alituma jarida lenye taarifa za mkutano, na hivyo klabu ikazaliwa. Iliitwa Homebrew Computer Club, yaani klabu ya kompyuta za kujitengenezea nyumbani.

Mwishoni mwa mkutano ule mfanyabiashara wa vipuri, Marty Spergel, aliinua chipu ya Intel 8008 na kuuliza nani anaitaka. Aliyewahi kunyoosha mkono akapewa. Hivyo tu. Hakuna fomu ya kujaza.

Miongoni mwa wale 32 alikuwemo kijana mmoja mwenye haya sana, mfanyakazi wa Hewlett-Packard. Rafiki yake ndiye aliyemwambia kuhusu mkutano, naye alidhani watazungumzia mitambo ya kuonyesha maandishi kwenye televisheni. Alipogundua kuwa habari ni za chipu mpya za kompyuta, akaogopa, maana alijiona yuko nyuma. Lakini alirudi nyumbani na karatasi ya maelezo ya chipu moja, akaisoma, na usiku uleule akaanza kuona namna ya kuunda kompyuta yake mwenyewe. Kijana huyo ni Steve Wozniak. Kompyuta aliyoanza kuichora ndiyo iliyokuja kuwa Apple I. Michoro ya saketi zake aliigawa bure kwa wanachama, na kampuni ya Apple ikaanzishwa tarehe 1 Aprili 1976.

Sehemu hiyo wengi mnaijua, na ndiyo inayotupotosha! Tunasikia "Apple ilizaliwa klabuni" halafu tunadhani siri ilikuwa kumpata Wozniak. Sivyo. Nitaeleza.

Mkutano wa tatu, Aprili 1975, ulifanyika katika shule iitwayo Peninsula School. Steve Dompier alikuja na Altair yake na redio ndogo. Akaanza kuingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, namba moja moja. Alipokaribia kumaliza, mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme. Kumbukumbu yote ikafutika. Je, wakafunga mkutano? La. Dompier akaanza upya, swichi moja moja, na wenzake wakasubiri. Alipomaliza, redio iliyokuwa juu ya mashine ikaanza kuimba wimbo wa Beatles. Altair ilikuwa haina spika. Dompier alikuwa amegundua kwamba mitambo ya ndani inapofanya kazi hutoa mawimbi yanayoingilia redio, naye akayapanga yawe noti za muziki. Watu walishangilia kama timu imefunga bao.

Sasa ngoja niwapeleke Mombasa, mwaka 2013, muone tofauti.

Mimi na wenzangu wawili tulianzisha kikundi chetu mwaka huo. Tulikuwa na hamu na pia wivu kidogo. Waya za intaneti za baharini zilikuwa zimetua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini matunda tuliyaona yakiliwa Nairobi, ambako iHub ilifunguliwa Machi 2010 katika barabara ya Ngong. Tukasema na sisi pia. Tukapewa darasa katika shule moja Tudor, Jumamosi alasiri. Tukakodi projekta. Kila mwezi tulimtafuta msemaji, naye alizungumza saa nzima akiwa na picha zake ukutani, kisha maswali mawili matatu, kisha soda, kisha kila mtu na njia yake.

Mkutano wa nne, stima ikapotea. Projekta kimya. Tulisubiri dakika ishirini, halafu mimi mwenyewe nikasimama mbele nikasema, "Jamani samahani, leo haiwezekani, tutaonana mwezi ujao." Tulikuwa watu kumi na wanne. Watunga programu kumi na wanne wamekaa chumba kimoja, kila mmoja ana kichwa chenye jambo, nami nikawarudisha nyumbani kwa sababu ukuta hauna picha!

Mmoja wao alikuwa dada aliyekuja kutoka Likoni kwa feri kila mwezi, akiketi nyuma bila kusema neno. Baada ya siku ile hakurudi. Sikujali sana, nilidhani hana hamu. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye tukakutana foleni ya feri. Akanisalimia, "Kaka, si wewe wa kile kikundi cha Tudor?" Tukazungumza. Kumbe alikuwa akimwandikia shangazi yake programu ya duka, ya kuweka hesabu ya bidhaa. Kila stima ikikatika, rekodi za siku nzima zinaharibika, shangazi anagomba. Alikuja mikutano minne akitumai atapata wa kumwuliza. Shangazi alirudi kwenye daftari, na yeye akaacha kutunga programu, akaenda kufanya kazi nyingine.

Kilichoniuma ni hiki. Mwanachama mwenzetu aliyekuwa akiketi madawati mawili mbele yake alikuwa ameshalitatua tatizo hilohilo kwenye duka la vipuri la babake. Aliacha kuandika faili nzima upya kila mauzo, akahamia SQLite, ambayo muamala ama huandikwa wote ama hauandikwi kabisa, hata stima ikatike katikati. Ni kazi ya jioni moja. Walikaa hatua mbili kutoka mmoja hadi mwingine kwa miezi minne, na kikundi changu hakikuwapa hata dakika moja ya kujuana.

Nilimwuliza, "Mbona hukusema?" Akacheka. "Mliuliza kama kuna maswali kuhusu mada. Swali langu halikuwa kwenye mada."

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma upya habari za Homebrew, safari hii nikitafuta jambo moja tu: waliendeshaje mkutano wenyewe? Nikampata mtu ambaye jina lake halitajwi sana, Lee Felsenstein.

Mwanzoni French ndiye aliyeongoza mikutano, naye alipenda uende kama darasa, mwalimu mbele na wanafunzi wakisikiliza. Mwaka huohuo wa 1975 aliondoka kwa sababu ya kazi, na Felsenstein akashika usukani. Klabu ilikuwa imekua na kuhamia ukumbi mkubwa wa SLAC, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford, na wahudhuriaji walifikia mamia. Felsenstein akaugawa mkutano. Sehemu ya kwanza ilikuwa kama kuchora ramani: watu wanasimama mmoja mmoja, kila mtu anasema kwa ufupi ana nini, anatafuta nini, amesikia uvumi gani. Hakuna hotuba. Ukisema "nina shida na bodi ya kumbukumbu", mikono inainuka, unaona nyuso, basi, anayefuata. Sehemu ya pili aliipa jina la ile kumbukumbu ya kompyuta ambayo unaweza kuruka moja kwa moja hadi mahali popote bila kupitia mwanzo. Yaani sasa simama, mwendee yule uliyemwona kwenye ramani. Watu wakatapakaa ukumbini, wakibadilishana vipuri, michoro na anwani.

Umeona ujanja wake? Mwenye haya hatakiwi kutoa mhadhara. Wozniak hakuwa mtu wa jukwaa. Alikaa nyuma ya ukumbi, na ilipofika sehemu ya pili watu walimzunguka kuangalia mashine yake. Mpangilio wa kutegemea msemaji mkuu ungemwacha pale nyuma kama nilivyomwacha dada wa Likoni.

Sisi wa Pwani tulipaswa kulijua hili kuliko Wamarekani. Baraza la mtaani linaendaje? Mtu hufika, husalimu, huulizwa habari kabla hajamiminiwa kahawa. Kabla ya jambo lolote kubwa kuzungumzwa, kila mmoja keshajua nani mgonjwa, nani anauza, nani anatafuta fundi. Tulikuwa na hiyo ramani vibarazani, tukaiacha nje tulipoingia darasani na projekta.

Lakini nisiwadanganye kwamba Homebrew ilikuwa pepo. Lilikuja suala la mali.

Kijana mmoja aitwaye Bill Gates na rafiki yake Paul Allen waliandika lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair. Watu walikuwa wameilipia na bado wanaisubiri. Juni 1975 MITS ilileta maonyesho ya Altair katika hoteli moja mjini Palo Alto, na utepe wa karatasi wenye matundu, uliobeba BASIC hiyo, ukatoweka. Ukamfikia Dan Sokol, akautoa nakala, akaja nazo klabuni. Sharti lilikuwa moja: ukichukua utepe mmoja, mkutano ujao urudi na miwili. Tarehe 3 Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta. Alisema wengi wao wanaiba programu, kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walioinunua BASIC, na kwamba muda wa kompyuta walioutumia kuitengeneza ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000.

Wengi klabuni walikasirika. Mimi nimeshaandika programu za kulipwa na nimeshanyimwa malipo, kwa hiyo siwezi kumcheka Gates. Hoja yake ina uzito hadi leo. Lakini tazama jibu lililodumu zaidi kuliko hasira. Watu waliandika BASIC zao ndogo wenyewe. Tom Pittman aliiuza ya kwake kwa dola 5, akionyesha kwamba bei ikiwa ya haki watu watalipa. Li-Chen Wang alitoa ya kwake mwaka 1976 ikiwa huru kwa wote, na kwa mzaha akageuza maneno ya hakimiliki kichwa chini miguu juu. Ule mzaha ulitangulia mambo ya programu huria tunayoyategemea leo.

Nasi tulikutana na suala la mali, kwa umbo jingine. Kampuni moja (jina nalihifadhi) ilijitolea kutudhamini: chakula, fulana, ukumbi wenye kiyoyozi. Mkutano wa kwanza wa udhamini walikuja watu arubaini na watatu. Wiki iliyofuata wakaomba orodha ya majina na namba za simu za wanachama "kwa ajili ya mawasiliano". Tulikataa, udhamini ukaisha, na mkutano uliofuata tulikuwa saba. Nakumbuka wenzangu walinuna. Lakini orodha ile haikuwa yetu kuiuza. Watu waliandika majina yao wapate kusaidiana, kama alivyotaka Moore mwaka 1971.

Na Moore mwenyewe? Miezi michache tu baada ya kuianzisha klabu aliondoka. Ilikuwa ikielekea kwenye biashara, na biashara haikuwa haja yake. Alifariki mwaka 1997 katika ajali ya gari. Makampuni zaidi ya 20 yanataja chimbuko lao katika klabu ile, na mwanzilishi wake hakutajirika kwa lolote kati ya hayo. Klabu iliendelea bila yeye hadi mkutano wa mwisho, Desemba 1986, miaka kumi na moja na ushei. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi kuliko Apple. Mwanzilishi aliondoka, mwongozaji wa kwanza aliondoka, mahali palibadilika kutoka gereji hadi shule hadi ukumbi, na klabu ikasimama. Kilichobaki ni ile desturi ya kuzunguka na kuulizana.

Basi ndugu yangu wa Kilifi, jibu lako hili hapa. Projekta usitafute kwanza. Mdhamini akija, mkaribishe, lakini msome macho. Msemaji wa Nairobi mwalike mwezi wa sita, si wa kwanza. Siku ya kwanza tafuta viti, daftari na saa. Kila mtu apewe dakika moja: jina, ninacho hiki, nimekwama hapa. Usiruhusu mtu ajibu papo hapo, maana wajuaji watameza muda wote. Wewe andika tu. Ramani ikiisha, waambie wainuke wakatafutane, na wewe mwenyewe nenda kwa yule aliyekaa nyuma. Kabla ya kuondoka, kila aliyesaidiwa aseme mwezi ujao ataleta nini. Stima ikipotea, endeleeni. Sauti haihitaji umeme.

Kikundi chetu bado kipo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kawaida watu kumi au kumi na wawili. Hatujazaa Apple. Mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu wa bandari, mwanafunzi mpya kabisa, alisema amekwama kwenye kitanzi kisichoisha, na binti wa kidato cha nne akamtatulia kwa dakika tano. Dada wa Likoni nilimtumia ujumbe nikamwalika tena. Alijibu kwa upole kwamba Jumamosi ana kazi.

Daftari letu la kwanza bado ninalo. Kurasa za miezi minne ya mwanzo zina mada na majina ya wasemaji tu, hakuna hata mstari mmoja unaosema nani alikuwa akitafuta nini. Ukija Mombasa, kijana, nitakuonyesha.

Wasalaam.